Treadwell namba 23, Jefferson namba 22: risiva wa chuo unamjuaje?

Swali limetoka kwa kaka mmoja mtu wa Mombasa, sasa hivi yuko Minneapolis, shabiki wa kufa na kuzikana wa Minnesota Vikings, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Kwa mgeni: risiva ni mtu wa kudaka mpira anaorushiwa, beki ndo anayemkaba, na drafti ni timu kuchagua vijana wa chuo kwa foleni, raundi kwa raundi, namba ndogo ndo wa mwanzo. Swali nalifupisha: "Mwalimu, mwaka 2016 timu yetu ilichukua risiva kwenye drafti, namba 23, Laquon Treadwell, sebule nzima tukashangilia. Msimu wake wa kwanza kadaka mpira mmoja. Mmoja! Mwaka 2020 wakachukua mwingine, namba 22, Justin Jefferson, na huyu dunia nzima inamjua. Sasa mimi nikikaa Jumamosi kuangalia mpira wa vyuo niangalie nini, nisije nikamshangilia Treadwell mwingine? Ni ile mbio ya yadi 40? Na haya mambo ya kupima viganja yana maana yoyote?"

Kaka yangu, kuna kitu kimoja hukukitaja na ndo kinachofanya swali lako liwe tamu zaidi. Aliyekuwa anaamua ni mtu yule yule. Rick Spielman ndo alikuwa meneja mkuu wa Vikings 2016 na ndo alikuwa meneja mkuu 2020, kwa hiyo huwezi kusema kwanza walikuwa wajinga alafu akili zikawarudia. Mtu mmoja, macho mawili yale yale, nafasi karibu ile ile, na matokeo mbingu na ardhi. Na mimi siwezi kumlaumu sana kwa sababu Treadwell hata mimi nilimpenda, wakati ule nilikuwa tayari nafundisha marisiva wa hai skuli hapa Texas na nilikuwa nawaonyesha vijana klipu zake, oneni huyu anavyodaka, oneni mikono hiyo.

Nikupe jibu mapema alafu nilielezee taratibu. Kila risiva wa chuo nikimwangalia najiuliza swali moja tu: huyu kijana anamtoka beki kwa kutumia kitu gani, na hicho kitu kitabaki kuwa silaha akishasimama mbele ya beki wa NFL? Basi. Saa ya kupimia mbio, uzito wa pauni, namba, umri, viganja, vyote hivyo ni vya kusaidia kujibu hilo swali, na ukiona mtu anavitumia peke yake bila hilo swali ujue anabahatisha.

Sasa mchukue Treadwell. Alikuwa chuo cha Ole Miss, mwaka wake wa kwanza chuoni 2013 akadaka mipira 72, na hiyo ni ligi ya SEC ambayo mabeki wake wengi ndo wanaokuja kucheza NFL. 2014 akavunjika mguu vibaya kwenye mechi na Auburn, pale pale karibu na mstari wa goli. 2015 akarudi, mipira 82, yadi 1,153, tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 11. Kijana mdogo, wakati anadraftiwa alikuwa hajafika hata miaka 21. Ukiziweka namba hizo mezani bila jina, kila mtu anachukua. Lakini sasa tazama alikuwa anadaka vipi. Alikuwa anakimbia, beki yuko naye ubavuni, wamegusana mabega kabisa, kwotabeki, yule mrushaji wa timu, anaurusha juu, Treadwell anajenga mwili kama mtu anayezuia mlango, anaruka, anauchukua juu ya kichwa cha mwenzake. Inapendeza kuangalia, na watu wa TV wanapiga kelele. Ila ukisimamisha picha sekunde moja kabla mpira haujafika, beki yupo. Kila mara beki yupo! Hakumtoka, alimshinda nguvu.

Na hapo ndo hesabu inapobadilika. Vyuo vya daraja la juu viko zaidi ya 130, kila kimoja kina mabeki wake wa pembeni, na wengi wao wakimaliza chuo wanaenda kuuza bima au kufundisha shule. NFL ina timu 32, kila timu inabeba mabeki wa pembeni kama watano sita hivi, kwa hiyo nchi nzima wanabaki watu mia na themanini kasoro au zaidi kidogo, na hao wote ni wale waliokuwa wanawashinda nguvu wenzao chuoni. Kijana aliyekuwa anaishi kwa mabavu anafika pale anakuta kila anayesimama mbele yake ana mabavu kama yake na ni mwepesi kumzidi. Treadwell kwenye majaribio ya chuoni kwake alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.63, na peke yake hiyo isingemuua, nitakuja kwenye saa baadaye, lakini mtu asiyemtoka beki kwa miguu, na hana spidi ya kumkimbia, na nguvu aliyokuwa nayo imekuwa ya kawaida, anabaki na nini? Anabaki na mpira mmoja wa yadi 15 msimu mzima.

Jefferson sasa. Chuo cha LSU, mwaka wake wa kwanza hakudaka hata mpira mmoja. 2018 akaanza kucheza, yadi 875, wa kwanza kwenye timu. 2019 akalipuka, mipira 111, yadi 1,540, tachidauni 18, na nusu fainali ya ubingwa dhidi ya Oklahoma akafunga tachidauni 4, zote kipindi cha kwanza. Kwa hiyo namba anazo. Mbona basi alishuka mpaka 22, marisiva wanne wakachukuliwa kabla yake, Henry Ruggs, Jerry Jeudy, CeeDee Lamb na Jalen Reagor? Kwa sababu watu walikuwa na shaka mbili. Ya kwanza, LSU ya 2019 ilikuwa na kwotabeki Joe Burrow anarusha kama yuko mazoezini, na upande wa pili alikuwepo risiva mwenzake Ja'Marr Chase na yadi zake 1,780, kwa hiyo wakasema huyu Jefferson anakula makombo, mabeki wazuri wote wako kwa Chase. Ya pili, na hii ndo ilikuwa na uzito, mwaka ule alicheza karibu muda wote sloti, yaani ndani ndani, siyo kule pembeni kabisa, na mtu wa sloti mara nyingi beki hamsogelei usoni, anamwachia yadi kadhaa za kupumua. Wakauliza, akipangwa pembeni, beki amembana puani, ataweza?

Shaka ya kwanza naijibu kwa kugawanya tu. Burrow alirusha yadi 5,671 msimu ule, Jefferson kachukua 1,540, hiyo ni kama robo, na amekaa chumba kimoja na Chase! Mtu anayekula robo ya sinia wakati pembeni yake amekaa simba, huyo siyo mtu wa makombo. Shaka ya pili ilikuwa inajibika pia ila ilitaka mtu mwenye subira, unarudi kwenye mkanda wa video wa 2018, wakati ule alikuwa anacheza pembeni, timu haina mashambulizi ya maana, na bado ndo alikuwa anatafutwa kuliko wote. Hapo unaona anachokifanya.

Na anachokifanya ndo nataka ukishike kwa karibu, kwa hiyo chukua simu, tafuta klipu yake yoyote anayokata kuingia ndani kwenye yadi 12 hivi, na isimamishe simamishe. Anatoka mstarini anakimbia moja kwa moja kuelekea bega la nje la beki. Siyo pembeni yake, anamwendea yeye. Beki anarudi nyuma, anajua huyu anakwenda mbali. Sasa mwangalie Jefferson mabega: hayanyanyuki. Kichwa hakinyanyuki. Risiva wa kawaida akitaka kukata anaanza kunyooka, anajiandaa kufunga breki, na beki mwenye akili akiona kifua kimenyooka anajua tayari, anasimama naye. Jefferson hampi hiyo habari. Anaendelea kama mtu anayeenda mbali, anatupa hatua moja nje, kichwa kinaangalia nje, beki anageuza kiuno kumfuata nje, na hapo hapo kaisha kata ndani. Simamisha. Tazama kiuno cha beki kimeelekea wapi na mpira unakwenda wapi. Kama kiuno kimeelekea nje na mpira unakwenda ndani, beki amekufa, hata awe na mbio kama swala, maana lazima kwanza ageuke na kugeuka kunachukua muda ambao mpira tayari uko mikononi mwa mtu.

Hicho ndo kitu cha kwanza ninachokuangalishia, kaka, kiuno cha beki. Usimwangalie risiva, mwangalie anayemkaba. Beki hadanganyi. Risiva anaweza kuchezacheza miguu kama anacheza ngoma na isimsaidie chochote, tunawaona kila siku huku Instagram wakizunguka koni, lakini kiuno cha beki kikigeuka vibaya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita kwenye mechi moja, na mabeki ni tofauti tofauti, hapo kuna kitu. Na hicho kitu hakiozi. Kudanganya kwa mwili kunafanya kazi chuoni, kunafanya kazi NFL, kunafanya kazi na umri wa miaka 32.

Shida ya TV ni kwamba kamera inafuata mpira, risiva anatoka kwenye picha baada ya hatua tatu alafu unamwona tena anadaka, katikati pote pale hujaona, na katikati ndo kazi yenyewe. Kwa hiyo tumia marudio, yale ya kamera ya nyuma ya goli ni mazuri sana. Na zipo mechi watu wanaweka ile kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, ukiipata moja ni bora kuliko klipu hamsini za tachidauni.

Kitu cha pili ni presi, beki akimsogelea risiva mpaka yadi moja, mikono imekaa tayari kumsukuma. Vyuo vingi havikabi hivyo sana, timu zinacheza haraka haraka, mipira mifupi ya pembeni, unaweza kukaa mechi nzima kijana kadaka mipira 9 na hajaguswa hata mara moja. NFL ndo chakula cha kila siku. Kwa hiyo mimi kwenye mechi nzima natafuta zile mara tano sita alizobanwa, nazitazama hizo peke yake. Mfano ambao huwa nawapa vijana ni mtu ambaye nyie Vikings hamtaki hata kumsikia, Davante Adams wa enzi zile yuko Green Bay, mahasimu wenu. Alitoka Fresno State, mbio zake 4.56, wakamchukua raundi ya pili namba 53 mwaka 2014. Huyu hai skuli alicheza kikapu pia na unaiona kwenye miguu yake. Beki yuko puani, Adams anagongagonga miguu pale pale, bega linaenda kushoto kidogo, linarudi, na beki anatakiwa aamue amsukume lini na upande upi. Akitupa mkono, Adams anaupiga chini. Mkono ukishakosa mwili wa beki unaufuata, ameshapinda, na Adams kapita. Hajakimbia mbio yoyote bado! Mpaka hapo ni sekunde moja na kitu, mbio bado hazijaanza, na mambo yameisha.

Twende kwenye saa sasa maana najua ndo ulikuwa unasubiri. Kila mwaka vijana wanaosubiri drafti wanakusanyika Indianapolis kwenye kombaini, wanapimwa, wanakimbia yadi 40. Na timu yako kaka ina kovu kubwa kuliko timu zote kwenye hili, sijui kama ulikuwa unafuatilia wakati huo. 2005 Vikings walimwuza risiva wao Randy Moss kwa Oakland, wakapewa nafasi ya 7 kwenye drafti, wakaenda wakachukua Troy Williamson wa South Carolina, kijana wa 4.32, wakisema tumepata spidi nyingine ya Moss. Alikuwa anawapita mabeki kweli, mpira unakuja, unamponyoka. Wakampeleka mpaka kwenye mazoezi ya macho. Baada ya misimu mitatu wakamtoa kwa Jacksonville kwa nafasi ya raundi ya 6. Nafasi ya 7 ikawa raundi ya 6. Alafu kuna John Ross, 2017, alivunja rekodi ya kombaini, 4.22, Cincinnati wakamchukua namba 9, msimu wa kwanza hakudaka hata mpira mmoja.

Lakini usije ukanielewa kwamba spidi haina kazi, hapana. Spidi ni tishio, na tishio linafanya kazi pale tu beki anapoliogopa. Moss mwenyewe alikuwa na mbio za kutisha, alidraftiwa namba 21 mwaka 1998 baada ya timu nyingi kumruka kwa mambo ya nje ya uwanja, na mwaka wa kwanza kapiga tachidauni 17. Tofauti yake na Williamson ni kwamba Moss akiwa anakimbia kwa kasi yote ile anauona mpira, anapunguza kidogo, anaupokea bila kunyoosha mikono mapema. Kwa hiyo ukiona kijana wa mbio chuoni, angalia beki anampa nafasi kiasi gani kabla mchezo haujaanza. Kama mabeki wanakaa yadi 9 kutoka kwake, hiyo spidi ni ya uwanjani, wanaifahamu. Kama wanamsogelea tu bila wasiwasi na eti ana 4.35, basi hiyo spidi ni ya saa.

Na kuna upande wa pili, watu wakimwacha mtu kwa sababu ya saa. DK Metcalf, yeye naye Ole Miss kama Treadwell, mwili mkubwa kama Treadwell na zaidi, pauni 228, ila huyu alikimbia 4.33. Alafu kwenye zoezi la kuzunguka koni tatu akawa mzito, sekunde 7.38, muda wa mtu wa umbo kubwa zaidi ya lake, watu wakaogopa, akashuka mpaka namba 64 mwaka 2019. Lakini rudi kwenye swali letu. Silaha yake ni ipi? Kukimbia moja kwa moja akiwa mkubwa namna ile. Itabaki silaha kule? Ndiyo, hata NFL mabeki wa pauni 195 wanaoweza kumkimbiza mtu wa 228 mwenye 4.33 hawapo. Koni hazihusiki. Seattle walimtumia kwa kile anachokiweza, yadi 900 msimu wa kwanza. Na Cooper Kupp naye 4.62, chuo kidogo cha Eastern Washington, namba 69 mwaka 2017, mwaka 2021 akaongoza ligi kwa mipira 145, yadi 1,947, tachidauni 16, vyote vitatu kwa mpigo. Miguu na akili.

Namba za chuo nazitumiaje? Kama moshi. Pafukapo moshi pana moto, lakini lazima uende ukaangalie ni moto wa nini, maana hata takataka zinatoa moshi. Ninachopenda kwenye namba ni vitu viwili, alianza kupewa mipira akiwa na umri gani na anachukua sehemu gani ya mipira ya timu yake. Kijana wa miaka 19 anayekula theluthi ya yadi za timu ana kitu, kwa sababu kocha hampendelei mtoto bure. Mtu wa miaka 23 anayewaonea watoto wa 19, hapo napunguza. Ila hata hii inakosea, Corey Davis wa Western Michigan aliondoka chuoni na yadi 5,285, hakuna aliyewahi kufika hapo kwenye daraja lile, akachukuliwa namba 5 na hakuwahi kufikisha yadi elfu moja msimu hata mmoja NFL. Alafu drafti ile ile ya Treadwell, namba 47 alikuwepo Michael Thomas wa Ohio State, msimu wake wa mwisho chuoni yadi 781 tu, hakuna wa kushtuka, na 2019 huyo akadaka mipira 149 akiwa New Orleans. Namba zake zilikuwa ndogo kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa na timu ilikuwa inapenda kukimbia na mpira, lakini kiuno cha beki kilikuwa kinageuka. DeVonta Smith wa Alabama naye alikuwa anagawana mipira na Ruggs, Jeudy na Waddle, wote raundi ya kwanza, chumba kilipopungua watu akapiga yadi 1,856 na kuchukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kwa hiyo uliza kwanza alikuwa anagombania sinia na akina nani.

Uwanja wenyewe pia unadanganya, na hili mashabiki wengi hawalijui. Ile mistari midogo ya katikati ambapo mpira unawekwa, chuoni iko mbali mbali, futi 40, NFL ni futi 18 na nusu. Maana yake chuoni mpira ukiwekwa upande mmoja, upande wa pili kunabaki futi 100 za uwazi, na kijana anakimbia kwenye shamba. NFL shamba hilo halipo. Na mguu mmoja ndani ya mstari unatosha chuoni, NFL miguu yote miwili. Mimi nikiona kijana wa chuo anaburuza mguu wa pili wakati sheria haimdai, naandika. Huyo anajiandaa.

Ruti nazo, yaani njia ambazo risiva amepangiwa kukimbia, usizisahau. Kuna vijana chuoni wanakimbia ruti tatu tu mwaka mzima, wanakwenda mbali, wanasimama, au wanapewa mpira pale pale waseme Mungu saidia. Cordarrelle Patterson mlimchukua namba 29 mwaka 2013, ukimpa mpira mkononi ni hatari, kwenye kurudisha mipira iliyopigwa teke ni mmoja wa bora kuwahi kutokea, lakini kama risiva wa kukimbia ruti kamili haikuwahi kukaa sawa, alikuwa hajapikwa. Hilo siyo kosa lake, ni aliyemnunua kujua amenunua nini.

Na majeruhi yanaficha watu. Hapa kwako ndo kuna hadithi ambayo naipenda kuliko zote. Stefon Diggs, Maryland, 2013 akavunjika mguu, 2014 akaumia figo, kwotabeki wanabadilishwa kila kukicha, namba zake zikawa za kawaida, akashuka mpaka raundi ya 5, namba 146. Ukimwangalia beki wake lakini, uwiii. Alafu Adam Thielen, huyo kijana wa Minnesota kwenu kabisa, chuo cha Minnesota State pale Mankato, hakudraftiwa na mtu, alikuja kwa majaribio 2013, na 2018 akafungua msimu na mechi 8 mfululizo za yadi mia kwenda juu. Kwa hiyo Treadwell wa namba 23 alikuwa anakaa benchi akiwaangalia wa namba 146 na wa bila namba, na wote wawili walikuwa watu wa miguu na kudanganya viuno. Vikings walikuwa na darasa ndani ya nyumba yao wenyewe! Alafu Machi 2020 wakamwuza Diggs kwa Buffalo, na nafasi mojawapo waliyolipwa ndo hiyo namba 22. Diggs ndo alimzaa Jefferson. Na Reagor, yule Philadelphia waliyemchukua namba 21 wakamwacha Jefferson, 2022 akaja kwenu Minnesota kama mchezaji wa akiba, nafikiri ulimwona.

Mimi naamini kabisa kwamba kuwa na Diggs na Thielen miaka ile ndo kulimfundisha Spielman na watu wake kitu gani kinadumu. Hakuna aliyeniambia, ni maoni yangu. Ila baada ya hapo tazama, 2023 wakiwa na meneja mpya wanachukua Jordan Addison namba 23, nafasi ya Treadwell ile ile, kijana wa pauni 173, mbio 4.49, hana mwili, hana saa ya kutisha, alichonacho ni kwamba chuoni mabeki walikuwa wanamkosa. Msimu wa kwanza yadi 911, tachidauni 10.

Hata hivyo utakosea, kaka. Puka Nacua wa BYU mwaka 2023 timu zote zilimruka mara nne na zaidi, namba 177, msimu wa mwisho chuoni mipira 48 tu kwa sababu ya majeraha, alafu yadi 1,486 mwaka wa kwanza, rekodi ya mchezaji yeyote wa mwaka wa kwanza kwenye historia ya ligi. Mkanda wake nilikuwa nao. Nilimwona anavyopambana akishadaka, nikaandika ni mzuri, nikaogopa majeraha, nikamweka chini. Mpaka leo nikikutana na kijana mwenye historia ya kuumia narudi kwanza kuangalia alivyokuwa anacheza wiki alizokuwa mzima, alafu ndo nasoma ripoti ya daktari.

Sasa viganja. Wanapima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, mkono umetandazwa. Mimi huwa siangalii hiyo namba mpaka nione kitu kwenye mkanda kwanza. Kijana anayeudaka mpira kwa vidole, mbali na mwili, hata mvua ikinyesha, sina haja ya rula. Yule anayeungoja mpira ufike kifuani ndo namwendea na rula, na mara nyingi nikipima nakuta viganja ni vya kawaida tu, shida ni macho, anaanza kuangalia atakapokimbilia kabla mpira haujafika. Jumamosi ukimpata wa hivyo, hesabu mara ngapi kichwa kinageuka mapema. Zikifika tatu kwenye mechi moja, mwandike jina lake pembeni na wiki ijayo umtazame tena.